Mlinzi Aliyetajwa na Mfungwa Wake

Inasimuliwa kutoka kwa waliotutangulia, na Allah ndiye Mjuzi wa yaliyokuwa, kwamba katika mji wa Sufaira, pembezoni mwa jangwa, aliishi mlinzi wa gereza aitwaye Dhakwani. Alikuwa mcha Mungu wa kweli, tusimwonee. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, swala ya jamaa haikumpita, na sisimizi akimpanda mguuni alimwondoa kwa ncha ya kidole asije akamponda. Na mtu huyo huyo alipiga wafungwa. Jambo hilo halikumnyima usingizi, kwa sababu hakupiga kwa hasira. Alipiga kwa amri, na amri, kama mjuavyo, ni godoro laini sana.

Mwaka huo Sufaira ilikuwa vitani na watu wa Nuhaidi, walioishi ng'ambo ya bonde. Alfajiri moja adui waliingia kwa lango la kaskazini, wakachoma maghala ya nafaka, wakaua watu, kisha wakafurushwa. Miongoni mwa waliouawa alikuwemo kaka wa Rumaisa, mke wa Dhakwani. Na miongoni mwa adui waliokamatwa alikuwemo mtu mwembamba, mshona matandiko ya ngamia, jina lake Jundubi.

Mji mzima ukauliza swali moja: nani aliwafungulia lango? Jundubi aliulizwa siku ile ile, kabla hajaguswa na mtu. Akajibu kwamba hawakufunguliwa na yeyote. Walilikuta lango halina mlinzi wala komeo. Jibu lilikuwa sahihi, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Walinzi wa lango walikuwa wameitwa kasrini usiku ule kubeba masinia ya karamu, maana mwana wa Amiri alikuwa ametahiriwa. Watu walilijua hilo, na watu wakapatwa na kikohozi kila lilipotaka kutajwa. Ikabidi itafutwe hiyana, na hiyana haina budi iwe na jina.

Amiri jina alikuwa nalo tayari. Palikuwa na mwadhini, mzee Utba, ambaye juu ya mnara wake aliuona ua wa gereza wote. Ijumaa moja alikuwa amemwambia Amiri mbele za watu kwamba akifika kwenye hayya alal-falah ya adhana sauti humkatika, kwa vilio vinavyopanda kutoka kule chini. Amiri alitabasamu. Watu wa namna ile wakitabasamu, ndugu zangu, fungeni virago.

Basi akamwita Dhakwani.

"Sikuambii umpige yule mfungwa," alisema Amiri. "Nakuambia umsaidie akumbuke. Utba, Utba, mpaka limkae mdomoni. Hii ni salama ya umma, si mambo ya chuoni."

Na wanazuoni wa kasri, waliosoma mpaka vilemba vikawaelemea, walikwisha kutoa fatwa kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Kanuni hiyo ina nusu ya pili, kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Nusu hiyo waliiacha kitabuni, ilale.

Dhakwani akamwanika Jundubi juani, akamnyima maji, akamcharaza kwa kuti la mtende. Kila mkono ulipolegea alimkumbuka shemeji yake, ukakaza tena. Siku ya tatu yule mtu akasema, "Ndiyo. Utba."

Ilimpasa Dhakwani afurahi. Lakini jina lilimtoka mfungwa haraka mno, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Dhakwani akamwuliza kama ana hakika si Masrukhi, mwoka mikate. Jundubi akasema ndiyo, ni Masrukhi. Jua lilikuwa la utosi. Mlinzi akainama, akauliza polepole:

"Na Dhakwani bin Naufali? Naye alikuwepo?"

Jundubi hakulijua jina la mlinzi wake, wafungwa hawakuambiwa.

"Alikuwepo," akasema. "Ndiye aliyeshika taa."

Dhakwani akakaa chini, pale pale vumbini. Taa hakuitaja yeye. Yule maskini alikuwa ameiongeza kwa hisani yake, ili ajibu vizuri, ili apewe maji.

Sasa, Sufaira ilikuwa na ada yake ya kale. Neno la mfungwa halikupokewa na kadhi mpaka mlinzi anywe maji katika gudulia la mfungwa yule, kuonyesha kwamba hakunyimwa maji, kisha aape kwa jina la Allah kwamba neno limetoka katika mwili usioguswa. Tangu vita vianze walinzi walikunywa na kuapa wakitazama dari. Kadhi naye hakuuliza zaidi. Alijua. Alikuwa na cheo, na cheo kina njia yake ya kumziba mtu masikio. Kesho yake adhuhuri ilikuwa zamu ya Dhakwani kunywa.

Alipofika nyumbani alimkuta Rumaisa, bado yumo katika msiba wa kaka yake, akichagua dengu. Akamweleza yote, akitumaini mkewe atamwambia aape tu, yaishe. Rumaisa hakuinua macho.

"Ulimpiga kwa ajili ya kaka yangu?"

"Nilidhani hivyo."

"Kaka yangu ameshazikwa, baba. Usimzike mara ya pili, na uongo ndio uwe sanda."

Dhakwani akauliza, wakimfukuza watakula nini.

"Dengu," alisema Rumaisa. "Kwani sasa tunakula nini? Au kuna sinia la karamu lilifika hapa mimi nikiwa nimelala?"

Siku ya pili watu wakajaa katika ua wa msikiti. Jundubi aliletwa amevishwa kanzu safi ndefu, ya kufunika alama. Akaulizwa, akalitaja jina la Utba. Ua ukavuma, na mzee Utba akashika ukuta. Kisha kadhi, pasipo kumtazama mtu, akamwita Dhakwani aape.

Dhakwani alikuja na gudulia alilolitoa gerezani vile vile lilivyokuwa. Hakunywa. Aliligeuza juu chini mbele ya kadhi. Likatoka vumbi, na buibui mmoja mdogo.

"Ya Kadhi, humu hamna cha kunywa. Mtu huyu nilimwanika juani nikampiga. Nikampa jina la Utba, akanirudishia. Nikampa la Masrukhi, akanirudishia. Nikampa langu mwenyewe, akasema mimi ndiye niliyeshika taa. Kama ulimi wake ni ushahidi, nifungeni mimi kwanza."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Amiri hakucheka.

"Shemeji yako hajaoza kaburini," akasema, "nawe wamtetea aliyemuua?"

"Sijui kama ameua, ya Amiri. Sikupata kumwuliza. Nilitumwa jina, si ukweli. Na jina nililipata."

Kadhi akalitazama lile vumbi mkekani. Mwishowe akatamka kwamba ushahidi umebatilika na Utba hana lawama. Kisha, kama mtu aliyetua mzigo wa miaka, akaongeza kwamba kila kiapo alichokipokea tangu vita vianze kitasikilizwa upya. Amiri akaondoka akiburura joho lake. Asingeweza kuukamata ua mzima.

Ikabaki haki ya Jundubi. Kadhi akampa hiari ya kisasi au msamaha. Dhakwani akavua kanzu, akageuza mgongo. Watu, kwa kuwa watu hupenda hadithi iishe kabla ya chakula cha mchana, wakaanza kumhimiza mfungwa asamehe aandikiwe ujira. Jundubi akatikisa kichwa.

"Niacheni. Nimesema mengi ili niwapendeze watu. Nikisema leo nimesamehe, litakuwa jina jingine mlilonipa."

Na fimbo vile vile hakuichukua. Mkono wake haukuweza kuinuka.

Dhakwani alifukuzwa kazi, akawa mbeba ngozi kwa watengeneza viatu, akinuka mpaka jamaa wakasogea mbali naye katika safu ya swala. Jundubi alilazwa katika hujra, chumba kidogo cha msikiti. Kila asubuhi Dhakwani alimpelekea uji wa dengu na maji, akaviweka mlangoni, akaenda zake. Hakuomba radhi. Watu walimwona mwenye kiburi.

Baridi ilipokwisha, mateka wakabadilishanwa. Siku ya kuondoka Jundubi alisimama njiani, akamngoja mpaka akapita na furushi lake la ngozi.

"Umeniletea maji majira yote ya baridi," alisema, "na hukuniomba kitu."

"Niliogopa," akajibu Dhakwani, "ungenipa kabla hujawa nacho."

Jundubi akamtazama.

"Leo ninacho. Chukua."

Akageuka, akawafuata wenzake.

Enyi waja wa Allah, tusidanganyane. Mwenye kupiga hakosi sababu, na katika sababu zote hakuna tamu kama ile inayoitwa salama ya nchi. Ukimwuliza aliyefungwa mikono, atakupa unachokitaka. Ole wako ukiridhika nacho. Mola atujaalie kuisema kweli tukiwa bado na cha kupoteza, maana asiye na kitu kuwa jasiri ni rahisi, na sisi wengine tunalijua hilo vizuri mno.