Bwawa la Nabii na Watoto Wasio na Paa

Mwaka uleule upepo ulipoezua paa la shule ya serikali, Nabii Elikana aliwaomba madiwani fedha za kodi, achimbe bwawa la kuogelea kwenye shule yake ya kulipia. Madiwani, wote waumini wake, waliitikia amina.

Sikudhani, muuza mihogo na mzazi wa shule hiyo ya serikali, alisimama kikaoni. "Mpeni. Ila Baba Nabii atutamkie kwenye kipaza sauti, wabishi wanyamaze: shule yake ni ya nani?"

"Ya watoto wote wa mji huu!" Nabii alinguruma. "Milango iko wazi!"

"Iandikwe kwenye muhtasari," alisema Sikudhani, akapiga vigelegele. Wazazi wenzake walimsonya, akajifanya hasikii.

Jumatatu asubuhi Nabii alipokea hundi ya madiwani langoni mwa shule yake, suti nyeupe, kamera zikimmulika. Mara wakatokea watoto mia nne wa shule isiyo na paa, wakiongozwa na Sikudhani, kila mmoja na fagio lake na kidumu cha maji. Wakampita, wakaenda kukaa madarasani.

Nabii hakuthubutu kuwafukuza mbele ya kamera. "Ada yao iko wapi?" alimnong'oneza Sikudhani, jasho likimtoka.

"Walishalipa, Baba. Kwenye kodi ya chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Si ndiyo hiyo hundi uliyoishika?"