Sikio la Mama Mkwe

Ziko methali ambazo mtu huzisema popote, mezani, kazini, hata mbele ya wakwe. Na ziko nyingine ambazo lazima kwanza zitafutiwe pa kusemea. "Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi" ni ya kundi hili la pili. Maana yake haina ugumu: kitu kuwa kikubwa si hoja kwamba kina mengi ndani yake, na kilicho kidogo kisidharauliwe kabla hakijajaribiwa. Ugumu uko kwenye kuitamka. Katika familia ninayotaka kuisimulia ilikuwa haitamkwi kabisa, kwa sababu mkwe wa nyumba hiyo alijaaliwa pua. Nasema alijaaliwa, nisije nikaambiwa nimemtukana mtu. Ilikuwa pua ya kutosha, imekaa katikati ya uso kama mwenye nyumba.

Mkwe huyo watu walimwita Bwana Spika, maana ndizo alizouza. Dukani kwake zilikuwapo spika za kumfikia mtu kiunoni, za kumfikia kifuani, na moja ambayo haikupita mlangoni mpaka bawaba zing'olewe. "Sauti ni ukubwa," aliwaambia wateja huku akilipiga boksi kofi la mapenzi. Jioni, duka likishafungwa, alikuwa kiongozi wa kwaya ya mtaa, waimbaji ishirini na wawili, mkewe akiwa mmoja wao.

Mama yake mke ndiye aliyeitwa Bi Sikio. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi mitambo katika studio za redio, na siku ya kustaafu wenzake walimfungia hedifoni zake mwenyewe kwenye karatasi ya zawadi. Zilikuwa kubwa, nzito, ngozi yake imeshonwa upya kwa uzi mweusi. Kwaya haikupeleka wimbo popote kabla yeye hajazivaa na kuusikiliza. Alikuwa akisema, "Sauti ya tatu mnachelewa," au, "Ubeti wa pili kuna mtu kavuta pumzi vibaya, nadhani ni yule wa ushonaji." Akiulizwa, yule wa ushonaji hukiri.

Mambo yaliharibika pale redio kaseti yake ya zamani ilipotoa moshi na kukata kauli. Kwaya ikaanza kumrekodia kwenye simu. Binti yake akamletea simu, akachomeka zile hedifoni kwa kipachiko, akabonyeza. Bi Sikio alisikiliza kidogo, akainua uso.

"Mbona mmeimba kwa kunong'ona?"

"Mama, tumeimba mpaka mishipa ikatutoka."

"Basi ongeza sauti."

"Imefika mwisho, Mama."

 Jioni ile mezani binti aliomba chumvi kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Bi Sikio akamjibu taratibu, "Chumvi iko mbele yako, mwanangu. Na mimi pia niko mbele yako."

Alitania, lakini moyoni aliogopa. Mchana, akiwa peke yake, alisimama chini ya saa ya ukutani akaisikiliza ikigonga. Akarudi nyuma hatua tano, akasikiliza. Akaenda mpaka jikoni. Saa ilisikika vizuri tu, ila hofu ikishaingia haisikii dawa. Alijiambia kwamba labda anaikumbuka tu, haisikii. Mtu aliyeishi kwa masikio yake maisha yote, ukimwondolea masikio umembakizia nini? Hilo ndilo swali alilokaa nalo, na hakumwambia mtu.

Bwana Spika alimpenda mama mkwe wake, hilo lisemwe, na kila mtu hupenda kwa alichonacho. Jumatatu alimletea spika ya kiunoni. Jumanne ikaja ya kifuani. Jumatano vijana wanne walipandisha ngazi lile dubwana lenyewe, likawekwa sebuleni, wimbo ukapigwa. Vikombe vilicheza kabatini. Pazia lilisogea. Jirani wa ghorofa ya juu, ambaye hakuwa hata mwanakwaya, alishuka kulalamika akiwa ameshahifadhi sauti ya nne nzima.

"Je, Mama, sasa?" Bwana Spika aliuliza, akijifuta jasho.

"Kabati la vyombo nalisikia vizuri sana, mkwe wangu," alisema Bi Sikio. "Waimbaji ndio bado. Naona kuna besi moja kubwa imewakalia wote."

Tena muda ulikuwa haupo. Wimbo ulitakiwa uwafikie waamuzi wa shindano moja la kwaya kabla ya Jumamosi saa kumi jioni, na kwaya ya kwanza ingealikwa kurekodi katika studio za redio, zilezile ambamo Bi Sikio alizeekea. Bwana Spika akamwita mkewe pembeni. Kumwambia mama mkwe jambo la aibu hakuweza, adabu haimruhusu. Mke ndiye aliyetumwa.

"Mama," binti alianza, sasa kwa sauti ya chini kweli, "tumeona upumzike. Wimbo tutaupeleka hivyohivyo. Na wewe tumekuteua uwe mlezi wa kwaya."

"Mlezi," alirudia Bi Sikio. "Mlezi ni yule anayepewa kiti cha mbele na soda, halafu haulizwi kitu."

Binti alitazama sakafu. Bi Sikio alizikunja nyaya za hedifoni zake, akaziweka kabatini, akafunga mlango. Usiniambie kazi ya mtu huisha siku ya kustaafu. Yake ilikuwa ikiisha pale, mbele ya kabati.

Ijumaa asubuhi alikuja kumjulia hali binti wa kaka yake, mama wa watoto wawili, fundi wa simu mwenye kibanda chake karibu na stendi. Alimkuta shangazi yake amenywea, akamtoa habari zote kidogo kidogo. Kisha akatoka mpaka mwisho wa ukumbi na kunong'ona akiwa amegeuza mgongo.

"Shangazi ameficha biskuti wapi?"

"Kwenye kopo la mchele," alijibu Bi Sikio kutoka sebuleni. "Na ukila, bakiza."

Fundi akarudi anacheka. Alizitoa hedifoni kabatini, akazivaa yeye mwenyewe, akaupiga ule wimbo kwenye simu. "Hata mimi sisikii kitu," alisema. "Basi tuko viziwi wawili, tushikane mikono. Shangazi, masikio yako ni mazima. Hivi vitu vilizoea kulishwa na mtambo wa redio, na simu inavilisha kwa kijiko cha chai. Havishibi, ndiyo maana haviimbi."

Akafungua mkoba wake, akatoa kidude cha bati, ukubwa wa sabuni ya kuogea iliyotumika wiki mbili. Kilikuwa amplifaya ya mkononi. Yeye hukitumia kibandani kusikilizia spika za simu alizozitengeneza, na hukichaji kwa chaja ileile ya simu. Waya mfupi ukaenda kwenye simu, waya wa hedifoni ukaingia upande wa pili.

"Hiki kirungu hapa cha kuongezea sauti, kwanza kirudishe mpaka mwisho," alimwelekeza. "Ndipo uvae. Ukishavaa, ongeza polepole. Ukianza kuvaa kabla ya kupunguza, utajuta."

Bi Sikio hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Vidole vyake vilivijua virungu kuliko vilivyojua sindano. Akavaa. Akaongeza.

"Kuna mbu," alisema.

"Ni simu inatafuta mtandao. Umeilaza juu ya kidude, isogeze."

Akaisogeza. Mbu akaondoka. Bi Sikio akafumba macho, na fundi akaona machozi yakimtoka shangazi yake, akajifanya anatafuta biskuti.

"Wamo," alisema Bi Sikio baada ya muda. "Wote ishirini na wawili wamo. Yule wa ushonaji leo amevuta pumzi vizuri." Furaha ilimjaa mpaka akaitikia ubeti mzima. Halafu akakunja uso, akarudisha wimbo nyuma. Akarudisha tena. "Na kuna wa ishirini na tatu."

"Nani huyo?"

"Huyu haimbi kwa mdomo. Anaimba kwa chuma." Akasikiliza kwa mara ya nne, na safari hii tabasamu likamponyoka. "Nimeshamjua. Lakini mimi si wa kumtaja."

Jumamosi saa saba mchana kwaya ilikuwa imekusanyika kwenye chumba cha mazoezi, kuagana na wimbo wao kabla haujatumwa. Bi Sikio akaingia, hedifoni shingoni, fundi nyuma yake. Waimbaji wakamwamkia. Bwana Spika alimpa kiti cha mbele, na soda.

"Msitume bado," alisema Bi Sikio. "Kuna kitu kinalia ndani yake. Kila mnapofika kwenye neno 'inukeni'."

Bwana Spika alikitazama kile kidude mkononi mwa fundi, akashindwa kujizuia. "Shemeji, yaani hiki ndicho kimekuja kushindana na spika zangu? Hiki hata paka hakimwamshi."

"Kijaribu, shemeji. Ila kwanza punguza—"

Hakungoja. Mama mkwe alipomnyooshea hedifoni alizivaa zilivyo, akabonyeza simu, na kwaya nzima ikamwona kiongozi wao akiruka na kukaa chini sakafuni bila kuombwa. Alipoinuka alikuwa amejifunza kazi ya kirungu. Akakirudisha mwisho, akavaa tena, akaongeza kwa adabu. Uso ulimbadilika. Alisikia viatu vya sauti ya kwanza vikisogea. Alimsikia mkewe akimeza mate. Na penye "inukeni" akasikia kile kitu, chakacha, chakacha, juu ya wimbo wote.

"Kipo," alisema kwa unyonge. Kisha uongozi ukamrudia. "Haya, nani huyo? Bangili zote zivuliwe. Wenye sarafu mifukoni, wazitoe."

Bangili zikavuliwa. Sarafu zikatoka. Yule wa ushonaji alitoa mkasi, pini kumi na mbili na kidole cha chuma cha kushonea. Simu ikawekwa kwenye stuli yake ndefu ya siku zote, mbele ya kiongozi, karibu kabisa na kiuno chake, wakarekodi ubeti mmoja. Bi Sikio akasikiliza, akatikisa kichwa. Kipo.

Saa nane ilikuwa imepita. Bwana Spika alianza kuwakagua watu mmoja mmoja kama askari wa getini, na hasira ilikuwa inapanda. Mkewe alimtazama mama yake. Bi Sikio alikuwa akiitazama dari.

"Mkwe wangu," alisema hatimaye kwa upole mkubwa, "hebu waongoze ubeti huo, lakini wao wasiimbe. Wewe peke yako, kwa mikono."

Bwana Spika hakuelewa, ila mama mkwe habishiwi. Akainua mikono. Chumba kikanyamaza. Alipofika mahali pa "inukeni" akajirusha juu kidogo, kama alivyozoea, na kiunoni kwake funguo kumi na moja za duka zikasema chakacha, chakacha.

Hakuna aliyecheka kwanza. Aliyeanza ni yeye mwenyewe. Alizishika funguo kwa mikono miwili, akainama, akacheka mpaka akatafuta ukuta. Ndipo watu wakapata ruhusa.

"Mama, ulijua?" aliuliza alipopata pumzi.

"Miaka tisa nazisikia zikipanda ngazi za kwangu kila Jumapili," alisema Bi Sikio. "Nisizijue vipi? Zilete hapa, nikae nazo mimi. Mlezi lazima awe na kazi."

Akazipakata. Wimbo ukaimbwa upya, ukasikilizwa, ukakubaliwa, ukatumwa saa tisa na nusu. Wiki tatu baadaye jibu lilikuja: wa kwanza. Waamuzi waliandika kwamba kwaya nyingine zilikuwa na sauti kubwa, lakini hii ilikuwa safi. Siku ya kurekodi, mafundi wa redio walimvutia Bi Sikio kiti chake cha zamani, na hakuna aliyemtajia tena cheo cha mlezi.

Bwana Spika alibaki kuwa Bwana Spika, ila juu ya lile dubwana la dukani alipanga vidude sita vya bati. Mchana mmoja Bi Sikio, binti yake na fundi walikuwa wamekaa dukani humo wakati mteja alipookota kimoja na kukigeuzageuza.

"Kaka, hiki ni cha kuchezea watoto?" aliuliza. "Mimi nataka sauti. Kidogo hivi kitanisaidia nini?"

Wanawake watatu walijua ni methali gani ilifaa hapo. Fundi alijiuma mdomo. Binti akaanza kufuta vumbi lisilokuwapo. Bi Sikio, kwa heshima ya mkwe, alirudi kuitazama dari.

Bwana Spika aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaelewa, na kumbe alikuwa ameelewa miaka yote tisa. Akamgeukia mteja, akauleta uso wake karibu ili auone vizuri, akaweka kidole juu ya pua yake.

"Ndugu yangu, mimi nauza spika na nina hii, kwa hiyo niamini mwenye ushahidi: ukubwa wa pua si wingi wa kamasi."