Fisi na Wajumbe Saba

Sogeeni, atakayesinzia asiulize mwisho.

Ukame ulikausha mito yote, kikabaki kisima kimoja. Akatakiwa mkuu wa kisima, na mkuu ndiye anayekunywa wa kwanza. Kuwaita wanyama wote kupiga kura kungewaua kwa kiu njiani, kwa hiyo kila ukoo usio na mgombea wala msimamizi ukatuma mjumbe mmoja, jumla saba. Uwe ukoo mkubwa, uwe mdogo, mjumbe ni mmoja.

Wengi walimtaka Simba. Ana majivuno, ndiyo, lakini akishiba hulala, akawaachia wenzake maji.

Fisi akapiga hesabu. "Swala elfu nzima, mjumbe mmoja. Nungunungu wako watano, mjumbe mmoja. Ah! Umma wa nini? Nahitaji wanne tu!"

Akawaendea Nungunungu, Kakakuona, Mhanga na Kanga, wajumbe wa koo ndogo ambazo hakuna anayezisalimia. "Nichagueni, mtakunywa kabla ya tembo." Wakakubali. Akawafungia kwake siku tatu, Simba asije akawarubuni, akawalisha vizuri huku yeye akishinda na njaa.

Asubuhi ya uchaguzi wakashika njia. Kanga alitangulia, amenona, makalio yanacheza huku na huku.

"Mama Kanga, pita nyuma, tafadhali," Fisi aliomba, akimeza mate.

"Kwa nini, mheshimiwa? Mimi si kura yako?"

"Ndiyo maana nakuomba."

"Sipiti nyuma ya mtu! Ukoo wetu umedharauliwa vya kutosha."

Fisi akajiambia: huyu ni ukuu, huyu ni maji. Tumbo likamjibu: huyu ni Kanga. Hata hakujua mdomo ulifunguka saa ngapi. Wale watatu waliobaki wakatimua mbio hadi uwanjani.

Huko Sungura, msimamizi wa uchaguzi, akahesabu mara mbili. "Wajumbe sita. Kanga yuko wapi?"

"Anaumwa," Fisi alisema, akacheua.

"Tumbo lako limemjibia," Nungunungu alisema, amejificha nyuma ya mguu wa Simba.

Kura zikahesabiwa: Simba sita.

"Na wajumbe wangu?" Fisi aliuliza.

"Mmoja unaye mwenyewe," Sungura akamwambia, "ila hawezi tena kuinua bawa."

Simba akatikisa manyoya kana kwamba amechaguliwa kwa uzuri wake. Fisi akapelekwa mwisho wa foleni ya maji, nyuma ya Konokono.

"Mpumbavu mimi!" akasema. "Nchi nzima nilihitaji wanne, nikamtafuna mmoja asubuhi ya kura!" Akaanza kucheka mpaka machozi, na machozi yenyewe akayalamba kwa kiu.

Basi mkimsikia anacheka porini, si mtu mwingine anayemcheka. Anajicheka mwenyewe, na ana haki.