Kayamba la Mzee Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Wa mkekani?

Tupo!

Wa mlangoni?

Tupo!

Na wanaosinzia?

Kimya. Hao ndio kesho watanifuata jikoni, "Bibi, mwisho ilikuwaje?" Sisemi mara mbili mimi. Haya, kaeni vizuri.

Palikuwa na bwawa, na bwawani palikuwa na Mzee Kiboko. Kiangazi kile mito yote ilikauka, visima vikabaki tope, likabaki bwawa lake tu. Na yeye kajilaza katikati, kalijaza lote, anayesogea anaonyeshwa meno.

"Hakuna maji!" anasema. "Hakuna maji mpaka niletewe chombo cha muziki ninachokiweza!"

Msicheke. Kwenye ngoma ya mavuno kila mnyama alikuwa na chombo chake, yeye akaambiwa akae nyuma achunge masufuria. Mtu mzima na heshima zake, anachunga masufuria huku wenzake wanapiga na kucheza! Ilimuuma. Wewe isingekuuma? Lakini sasa, watoto wa watu wanahusika nini mpaka wafe kiu?

Akaja Twiga na zeze. Zeze lile lilimgharimu mavuno ya shamba zima. Kiboko akalishika, akavuta uzi, nyiii... pwa! Ukakatika.

"Kibovu! Leteni kingine!"

"Na maji, Mzee?"

"Hakuna maji!"

Na zeze hakurudisha.

Akaja Nyani na marimba, kayapata kwa kutoa mizinga yake yote ya asali. Kiboko akagonga, ko, ko, kwacha! Vibao vikaruka huku na huku.

"Kibovu! Leteni kingine!"

"Na maji, Mzee?"

"Hakuna maji!"

Akaja Tembo na tarumbeta linalong'aa, hata bei yake aliona haya kuitaja. Kiboko akapuliza huku kajizamisha mpaka mdomoni, buru-buru-buru, mapovu matupu.

"Kibovu! Leteni kingine!"

Nani huyo anauliza kiboko analishikaje tarumbeta? Ngano ya nani hii, yako au yangu? Alilishika.

Sasa alikuwepo Pimbi, mnyama wa mawemawe, mfupi, mnene, mkia hana. Shamba hana, mizinga hana. Ana mke, na watoto, na kitinda mimba wao alikuwa ameacha kulia. Mtoto mwenye kiu akilia unajua bado ana nguvu. Huyu alinyamaza, anatazama tu.

Mkewe akamwambia, "Baba watoto, nenda kwa Kiboko."

"Niende na nini, mke wangu?"

"Sijui! Hata akikutafuna, nenda!"

Pimbi akateremka kwenye mto uliokauka. Akakata matete makavu, akayapanga tabaka mbili, akayafunga kwa kamba za mgomba, na katikati akamwaga mbegu alizookota njiani. Akatengeneza kayamba, pana kama mlango, maana alijua anampelekea nani. Akaenda mpaka karibu na bwawa, akasimama pakavu, akatikisa.

Chaka-chaka, chaka-cha! Chaka-chaka, chaka-cha!

Masikio ya Kiboko yakasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Kayamba, Mzee. Matete na mbegu."

"Kiasi gani?"

"Bure. Matete nimekata, mbegu nimeokota."

Kiboko akaguna. "Cha bure kina maana gani? Twiga kamaliza shamba zima kwa zeze."

"Na zeze umelipiga, Mzee?"

Kiboko akalisukumia kando zeze lililokatika uzi.

"Basi si neno, nampelekea Mamba. Kajilaza kwenye tope lake kule, ameshakiulizia."

Wee! "Mamba apige, mimi nisikilize? Lete hapa!"

Akalinyakua, akalitikisa mle mle majini. Pwa. Pwa. Pwa.

"Kibovu!" akafoka. "Pimbi, leo nakukalia!"

Pimbi akaituliza sauti. "Si kibovu, Mzee, kimelowa. Kayamba linataka ukavu. Hapo ulipo hata angepiga fundi wa mafundi lisingelia. Toka, tulianike juani, wewe ukae kivulini kule juu, nikufundishe."

"Na hawa wezi wa maji wanaochungulia huko?"

"Hawa? Wakikusikia unapiga, kiu yenyewe wataisahau."

Kiboko akafikiri. Akajivuta, fyoo! Akatoka. Tope likabaki na shimo lake. Akapanda taratibu mpaka kivulini, wakaanika kayamba, likakauka.

"Shika kwa mikono miwili," akasema Pimbi. "Kulia, kushoto. Kama mama anavyopepeta mchele."

Chaka. Chaka. Chaka-chaka, chaka-cha!

"Nimepiga!" akasema Kiboko. "Pimbi, nimepiga mimi!" Na machozi yakamtoka, mzee wa watu. Pimbi alikuja kumlaghai, lakini hapo na yeye akafurahi kweli.

Huku nyuma wanyama wanateremka, nyatu, nyatu, nyatu. Chaka-chaka kule juu, gugu-gugu-gugu kule chini. Twiga anakunywa, Nyani anakunywa, Tembo anakunywa. Mke wa Pimbi akamshika kitinda mimba, akamwinamisha, gugu-gugu. Yule mtoto alipopata nguvu tu, akaangua kilio, "Waaa!"

Kiboko akageuka. Akawaona.

"Ala! Mmeniibia!"

Akashuka mbio, ardhi inatetemeka, kayamba mkononi. Wanyama wakaacha kunywa, maji yanawadondoka midomoni. Mke wa Pimbi kamkumbatia mtoto, kafumba macho. Kiboko akafika ukingoni, akatia mguu mmoja majini, chubwi! Maji yakaruka mpaka kwenye matete ya kayamba. Akatikisa kidogo. Chaka... pwa.

Akasimama pale pale. Akayatazama maji. Akalitazama kayamba. Akautoa mguu, akalipangusa kayamba kwa shavu lake, polepole.

"Nyie," akasema, "nani kawaambia mnyamaze? Kunyweni, mkimaliza mpande juu mpige makofi. Nilikuwa sijamaliza kupiga!"

Basi wakanywa, wakapanda, wakapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Mnataka fundisho? Fundisho ni hili: ukitaka kujua muziki, kwanza wanyime majirani zako maji, halafu pokea zawadi zao ghali uzivunje zote. Na chombo cha bure usikiguse kamwe, kitakutoa nyumbani kwako.

Ngano yangu nimeitua hapo. Kama imewafurahisha, ni yangu. Kama imewaudhi, mwulizeni aliyenisimulia mimi, na huyo simtaji.