Nani Aliyeumaliza Mtutu wa Mihambo?

Sogeeni karibu, kuna kesi imekosa mwamuzi.

Mhunzi Mihambo wa Ukonongo alikuwa na watoto watatu. Mihayo, mkubwa, alijaliwa mikono: chuma kilichowashinda wengine kilimtii. Sizya, wa kati, alijaliwa macho: alimwona kanga porini kabla kanga hajamwona. Kalunde, binti wa mwisho, alijaliwa subira.

Mzee alifariki akiacha mtutu wa gobore ambao haujakamilika. Aliufua mwenyewe, mikono ikimtetemeka kwa maradhi, na kauli yake ya mwisho ilikuwa fupi: "Atakayeumaliza mtutu huu apewe nyundo yangu."

Mwenye nyundo ndiye mrithi wa kiwanda. Asiyeipata angehama, akatafute riziki kwingine. Na Kalunde, aliyejua kuvuta mvukuto kabla ya kujua kusuka nywele, hakuwa na kazi nyingine.

Mihayo akaanza. Siku sita alizungusha keekee kwa mkono, akalipanua tundu la mtutu toka mdomoni hadi kitakoni. Viganja vikachubuka.

Sizya akafuata. Siku sita alitega uzi ndani ya tundu, akachungulia kuelekea kwenye mwanga. Uzi ulipoachana na chuma, hapo pamepinda; akagonga taratibu, akachungulia tena. Macho yakavimba.

Kalunde akapokea. Alipiga tupa, kisha akasugua kwa majani ya msasa na mafuta ya nyonyo. Alisugua huku analia, maana kila alipopitisha kidole alikuta alama za nyundo ya baba, na kazi yake ilikuwa kuzifuta.

Siku ya sita mtutu uling'aa. Ndipo alipoona kitu chembamba kama unywele. Akasugua, hakikutoka. Ulikuwa ufa, palepale baba alipounga chuma.

Angeweza kunyamaza, na jioni ile nyundo ingekuwa yake. Akawaita kaka zake.

Mihayo alitaka wazibe kwa risasi iliyoyeyushwa, yaishe. "Unataka watu waseme baba alikosea?"

"Atakayeweka shavu hapa ni mtu, kaka," Kalunde akasema. "Ukipasuka, utampasukia usoni."

Wakabishana hadi Sizya akaziba tundu upande mmoja, akajaza maji. Wakangoja. Tone moja likajitokeza kwenye ufa, likavimba, likadondoka.

Mihayo akaulaza mtutu juu ya fuawe, akashika patasi.

"Nisamehe, baba," akasema, akaukata.

Kazi ya mwisho ya baba yao ikalala chini, vipande viwili vinavyong'aa.

Sasa mama yao amekaa mlangoni, nyundo ya marehemu mapajani. Mihayo anasema amemaliza yeye, kwani baada ya pigo lake hapakubaki kitu cha kufanywa. Sizya anasema bila maji yake, mtutu ule ungezibwa ukaenda kuua mtu. Kalunde anajifuta mafuta vidoleni, polepole, kidole kimoja kimoja, na mama anamtazama yeye kuliko wengine, kisha anainamisha uso.

Je, mtutu ulimalizwa na aliyeung'arisha hadi ukasema kweli, na aliyeipima kweli hiyo, au na aliyeukata? Ungekuwa wewe umekaa mlangoni pale, ungemnyooshea nani nyundo?