Amina ya Jikoni

"Amina haiji jikoni, hupelekwa." Mmemsikia mwenyekiti wenu akisema hivyo leo, mkatazamana, na sasa mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Sogeeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Miaka ya nyuma, kabla mama zenu hawajaolewa, vijana wa makanisa ya huku Rungwe walikuwa wakikutana kila mwaka baada ya mavuno. Mwaka huo wenyeji walikuwa vijana wa Ilundo. Walijiandaa hasa. Walitandaza majani makavu ya migomba kwenye madarasa ya shule ili wageni wapate pa kulala, wakapasua kuni, wakachinja ng'ombe. Jikoni wakamweka binti mmoja aitwaye Subilaga.

Subilaga alijaliwa mkono wa kupika, na hilo ndilo lililomponza. Kila mkutano ulipotajwa, jina lake lilikuwa la kwanza kwenye kamati ya chakula, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Kumbe moyo wake ulikuwa kwenye kwaya. Aliimba sauti ya pili, nzito na tulivu, ya kuwashikilia wenzake wasiyumbe. Safari hii mwenyekiti wa vijana wa Ilundo alimwahidi, "Dada, tusaidie siku hizi za mwanzo tu. Jumapili jiko watalishika akina mama, nawe utakaa kanisani na wenzako." Subilaga akafurahi. Akaifua sare yake ya kwaya, akaipiga pasi, akaitundika ukutani.

Jumapili asubuhi, akiwa ameshaivaa, likaingia lori la vijana wa Kyela. Hao walikuwa wametuma habari kwamba hawataweza kuja. Sasa wanashuka wakiimba na kukumbatia watu. Kila mtu alishangilia. Lakini chakula kilichopangwa kisingewatosha, na akina mama wakasema wazi kwamba masufuria yote hayo hawayawezi bila Subilaga. Akavua sare, akajifunga kanga, akarudi motoni.

Jiko lilikuwa banda la mabati nyuma ya kanisa. Ukiwa humo ulisikia ngoma na nyimbo, ila mahubiri yalifika kama mvumo tu. Kila baada ya muda watu waliitikia kwa pamoja, "Amina!" na Subilaga hakujua wameitikia nini.

"Labda wanatuombea wapishi," alisema Tupokigwe, rafiki yake, akichekea kwenye moshi.

Subilaga hakucheka. Mara akaisikia kwaya yake ikianza. Pale sauti ya pili ilipotakiwa kuingia, ikaingia imepwaya, haina mshiko. Akamkabidhi Tupokigwe mwiko, akatoka na masizi yake mikononi mpaka mlangoni mwa kanisa.

Mlangoni alisimama Gwamaka, kijana wa Ilundo aliyepewa kazi ya kupanga wageni. Hakuwa mtu mbaya, bali alikuwa na mambo mengi kichwani.

"Dada Subilaga, chakula tayari?"

"Bado."

"Sasa umefuata nini huku? Wageni wana njaa!"

Subilaga alimtazama. "Nimefuata Amina, kaka. Jikoni haiji."

Akageuka, akaenda zake. Hakulia pale mlangoni. Alilia jikoni, ambako mtu akikuuliza utamwambia ni moshi.

Gwamaka alibaki ameshika mlango. Alikumbuka kwamba tangu vijana wakusanyike alikuwa amekula kwa mkono wa dada yule asubuhi na jioni, na hata salamu hakuwa amempa. Ndani, wimbo wa mwisho ukaisha. Mchungaji, mzee mwembamba wa sauti ya upole, akainua mikono atoe baraka ya kuwaaga watu. Gwamaka akajikuta anatembea katikati ya kanisa mbele ya macho ya wote.

"Mchungaji, nisamehe. Kuna wenzetu hawajafikiwa."

"Wako wapi? Wamekosa nafasi?"

"Wako jikoni, wanatupikia."

Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Si waitwe waje?"

"Wakija, wali utaungua," Gwamaka akajibu. Kisha akainamisha kichwa. "Tena dada Subilaga alikuja, nikamrudisha mimi. Aliniambia Amina haiji jikoni. Kama haiji, basi mimi naomba ipelekwe."

Mchungaji akashusha mikono. Akachukua Biblia yake, akashuka madhabahuni, akatoka nje. Watu wakamfuata, wageni na wenyeji, mpaka banda likazungukwa, nao waliobaki nyuma wakapanda juu ya kuni.

Subilaga alipoinua kichwa alishtuka. Mchungaji alikuwa mbele yake, mikono imeshaanza kupanda.

"Subiri kidogo, Mchungaji!" akasema. "Nigeuze huu wali kwanza."

Umati wote ukasubiri. Aligeuza wali taratibu mpaka chini, akaufunika, akapanga makaa juu ya kifuniko, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Ndipo akasema, "Haya, sasa."

"Kabla sijabariki," alisema Mchungaji, "kwaya, rudieni ule wimbo wenu."

Wakauanza. Pale pa sauti ya pili, Subilaga akaingia, mwiko mkononi, na wimbo ukasimama wima. Wale wa Kyela walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia migombani. Kisha baraka ikatolewa palepale, na Amina ikaitikiwa kwa nguvu, na safari hii Subilaga alijua anaitikia nini. Gwamaka akamwendea. "Nisamehe, dada." Akajibiwa, "Shika ndoo hiyo, ukachote maji." Akaichukua akitabasamu, naye akaondoka kule jikoni wakati vyombo vyote vimeshaoshwa.

Kuanzia mwaka huo, pale Ilundo kila kundi lilipika kwa zamu, na baraka haikutolewa kabla mtu hajakwenda kuangalia nani yuko jikoni. Maneno yale yakatoka kanisani, yakaingia kwenye harusi na kwenye misiba. Ukiona sherehe imenoga na kuna mtu anahangaika nyuma ili wengine wafurahi, usimngojee aje kudai fungu lake. Inuka, umfuate alipo. Amina haiji jikoni, hupelekwa.