Kishingo na Mayai ya Kenge

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmelala? Nimesema, paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Hapo zamani za kale, kuku walipokuwa wakijitawala wenyewe, palikuwa na kuku jike, jina lake Kishingo. Shingo yake ilikuwa tupu, haina unyoya hata wa kuchokonolea sikio. Wenzake walimcheka. "Kishingo, nani kakunyonyoa?" Naye hujibu, "Muulizeni bibi yangu, naye alizaliwa hivi hivi."

Lakini kicheko si kitu. Kitu ni Kenge! Kila msimu wa kuatamia, Kenge alikuja kudai mayai, ndipo aviache viota vingine. Na Jogoo Mkogo, bwana wa ua, mwenye manyoya mpaka vidoleni, alitoa mayai ya nani? Ya Kishingo! "Wenye shingo tupu wa kazi gani?" alisema. Misimu yote ile Kishingo hakuwahi kuitwa mama. Alilia mpaka akachoka. Alipochoka kulia, akaanza kufikiri.

Sasa, kuku ana jambo lake, nanyi mnalijua. Ukimwekea yai kiotani, atalilalia. Haulizi la nani. Hata la bata atalilalia.

Basi siku ya Kenge ikakaribia. Bi Kishungi, kipenzi cha Mkogo, akatoka kiotani kwenda kuoga vumbi. Kishingo huyoo! Biringi, biringi, biringi, akayaingiza mayai yake matatu katika kiota cha Bi Kishungi. Katika kapu la kumwekea Kenge mayai, akaweka mawe meupe ya mtoni. Bi Kishungi akarudi, akajitikisa, akakaa.

"Leo nimejaa vizuri," akasema.

"Hongera, shoga yangu," akajibu Kishingo kwa macho makavu.

Kenge akaja. Kenge hatafuni, humeza. Gudu! Gudu! Gudu! Akaondoka akiburura tumbo, na hakurudi tena kudai kitu.

Mayai yote yakaanguliwa. Bi Kishungi akapiga yowe, "Uwii! Wawili hawana manyoya shingoni!"

"Maradhi hayo," akasema Mkogo. "Watupwe nje!"

Kishingo akaruka mbele. "Bwana Mkogo, waache wakue kwanza," akasihi. "Maradhi yakizidi utawatupa." Mkogo akaguna, akawaacha.

Kiangazi kikaingia. Ee, jua lile! Wenye manyoya wakalala kivulini, midomo wazi, hee, hee, hee. Na chakula kiko kichuguuni, juani. Nani atoke? Wakatoka wale wawili. Paru, paru, paru, wakala mchwa wakashiba.

"Mwanangu," Mkogo akaita kwa sauti ya kufa, "niletee japo mmoja."

"Mwanao yupi?" akauliza Kishingo. "Yule wa maradhi?"

Mkogo akainamisha kichwa. Kishingo akacheka mpaka akakaa chini, kisha akayasema yote, mayai na mawe. "Ni wanangu, ndiyo! Na baba yao ni wewe!"

Mkogo, kwa aibu, akaruka upande wa pili. "Basi kuanzia leo ni shingo tupu tu! Wenye manyoya watupwe wote!"

Kishingo akaacha kucheka. "Mayai yangu yalikuwa matatu," akasema. "Shingo tupu ni wawili. Mmoja wa hawa wenye manyoya ni wangu, na simjui ni yupi. Haya, bwana wa ua, nimtupe yupi?"

Mkogo akarudi kivulini, asimtupe hata mmoja. Bi Kishungi akawafunika wote kwa mabawa yake.

Kipupwe kilipokuja, wenye shingo tupu walitetemeka, wakajificha chini ya manyoya ya ndugu zao, wakapona.

Basi watoto, nanyi wakubwa mnaojifanya mnasinzia: usimtupe mwenzako kwa kuwa leo humhitaji. Hali ya hewa ikigeuka, yeye ndiye atakayekufaa.

Hadithi yangu naiacha hapo kiotani. Anayeitaka na ailalie.